Paka Haogeshwi

Hapa mtaani kwetu, Kamunyonge, jirani yetu mmoja mzee wanamwita Muua Paka. Wanalitamka jina hilo kwa utani, mbele ya watoto na mbele ya wageni. Kila nikilisikia napandwa na hasira, halafu naanza kujiuliza kama nina haki ya kukasirika, maana mimi si ndugu yake, halafu nakasirika upya kwa sababu nimejiuliza. Tumeishi naye ua kwa ua tangu nikiwa sekondari. Sijamwona mtu mwingine aliyesafisha paka wengi kama yeye, na sijasikia hata mmoja aliyeugua mikononi mwake. Naandika haya kwa sababu naona jina hilo linakaribia kuwa ndilo pekee atakaloachiwa.

Mimi namwita Bwana Mifugo, kama alivyoitwa kazini. Wengine wakistaafu wanaacha cheo ofisini. Yeye alikuja nacho Musoma kama mtu anayehama na kitanda chake. Alivaa mabuti ya mpira hata wakati wa kiangazi, hata kwenda kanisani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusemea juu ya ng'ombe wanaolia. Hakujua kunong'ona. Akikusalimia asubuhi, mtaa mzima ulijua umeamka.

Hodi pia hakupiga. Aliingia kwa watu kama mkaguzi, akatazama banda la kuku, akatazama maji ya mbwa, akasema kilichomuudhi, akaondoka. Mama yangu alimvumilia kwa sababu aliwahi kumwokolea mbuzi. Majirani wengine hawakuwa na mbuzi wa kuokolewa, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kumvumilia.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni neno moja: kuogesha. Ng'ombe anaogeshwa, alisema, mbuzi anaogeshwa, mtoto anaogeshwa, wewe mwenyewe ukizeeka utaogeshwa. Paka haogeshwi. Paka anafutwa, anachanwa, anapanguswa. Ukisema "kuogesha paka" mbele yake alikukatiza hapo hapo, hata kama ulikuwa unasimulia habari ya msiba.

Nilimwona akilipigania neno hilo nyumbani kwetu. Paka wetu mweupe alikuwa amelala chini ya pikipiki ya kaka, oili ikamdondokea mgongo mzima. Alitoka pale mweusi nusu, ananata, ameanza kujilamba. Mama alileta beseni la kufulia na sabuni ya unga, akaipiga mpaka povu likamwagika. Shangazi yangu wa kijijini Guta, aliyekuwa amekuja kututembelea, alikuwa amekaa kwenye kigoda anatoa ushauri.

"Kwa hiyo sabuni mtahangaika," alisema. "Kwetu tuna dawa ya ng'ombe imebaki. Ningejua ningekuja nayo kwenye chupa."

"Si ya kupe hiyo?" mama akauliza.

"Na huyo hana viroboto? Muogeshe mara moja, imalize vyote."

Mimi nilikuwa nimesimama na simu. Nilikuwa nimesoma sehemu moja kwamba tutumie sabuni ya vyombo, sehemu nyingine kwamba sabuni ya vyombo itamkausha ngozi, sehemu nyingine kwamba tumpeleke kwa daktari wa wanyama, nami nilikuwa nawaza daktari yupi, yuko wapi, na kama tukienda atatucheka. Wakati nikiwaza, paka alikuwa anaendelea kulamba oili.

"Nani kasema kuogesha?"

Sauti ilitoka nyuma ya ua. Kabla hatujajibu alikuwa ameshaingia, mabuti yake yakilia.

"Karibu, Bwana Mifugo," mama akasema.

"Sijaja kukaribishwa. Beseni hilo la nini?"

"La kufulia, baba."

"Basi fulia."

Akalisukuma pembeni kwa mguu. Shangazi hakupenda. Kwao ni watu wa ng'ombe, hawasukumiwi mabeseni.

"Mzee, sisi kule mbwa tunawaogeshaga na dawa ile ile na hawafi."

"Mbwa huyu?" Akamwonyesha paka kwa kidole. "Huyu ni mbwa? Mama, huyu ukimlowesha atajilamba kutoka shingoni mpaka mkiani asiache unywele. Unachomwaga mgongoni kitaishia tumboni. Kama mnataka kumlisha dawa ya kupe, mwekeeni kwenye sahani, walau mjue mnachofanya."

Shangazi akamtazama vizuri, kisha akacheka, akapiga paja.

"Aa! Kumbe ndiye huyu? Muua Paka?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Bwana Mifugo akamgeukia mama akaomba unga wa muhogo, mafuta ya kupikia, kitambaa kikuukuu na maji ya uvuguvugu. Mimi, ambaye aliniita Digrii tangu siku matokeo yangu ya chuo yalipotoka, nilipewa kazi.

"Digrii, weka simu chini. Shika kichwa. Si hivyo, unamkamata kama mwizi. Shika kama umeshika yai la mtu mwingine."

Kwanza alimfunika paka mdomo kwa upole ili asiendelee kulamba. Akachukua mafuta ya kupikia kidogo sana kwenye ncha za vidole, akayapaka penye oili mpaka ikaanza kulegea, akapangusa. Halafu akanyunyiza unga wa muhogo, akausugua taratibu, akaacha unyonye. Unga ulipogeuka wa kijivu akauchana kwa kitana, kufuata manyoya yanakolalia, kamwe si kinyume. Akanyunyiza tena. Kitambaa alikilowesha, akakikamua mpaka hakikutoa tone, akakikunja kiganjani kwanza mpaka kipate joto la mkono, ndipo akakipitisha. Macho aliyafuta kwa kona safi, masikio kwa nje tu. Sabuni haikumgusa mnyama. Maji hayakumwagika juu yake. Palipogoma kabisa, alinyoa manyoya kidogo kwa mkasi butu, kidole chake kikiwa kati ya mkasi na ngozi, akisema afadhali paka mwenye kipara kuliko paka mwenye oili tumboni.

Wakati wa kazi yote hiyo alizungumza na paka kwa lugha ya kwao, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Sisi tuliendelea kusemeshwa kwa Kiswahili na kwa ukali.

Alipomaliza alimwambia mama amfunge paka ndani mpaka jioni, amtazame kama anatokwa udenda au anatetemeka. Akitetemeka, asimpe maziwa wala mafuta. Amwite yeye, hata kama ni wakati wa misa. Akaondoka bila kuaga. Shangazi akasema, "Mtu gani huyu," na hadi leo anasimulia habari ya beseni lakini si habari ya paka, ambaye alipona na bado yupo.

Asili ya jina lile niliipata kwa mama, kwa vipande, maana mzee mwenyewe alikuwa haizungumzii.

Wakati yuko kazini upande wa Butiama, josho la kijiji kimoja, lile birika refu la dawa wanamopitishwa ng'ombe, lilikuwa limekarabatiwa, na kupe walikuwa wanamaliza ndama. Bwana Mifugo alizunguka na pikipiki na kipaza sauti akitangaza: "Ogesheni mifugo yote! Asibaki hata mmoja nyumbani!" Watu waliitikia. Walileta ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa. Mama mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa imejaa viroboto, alileta na paka. Wakamtumbukiza kwenye birika, wakamtoa, akakimbia nyumbani. Ng'ombe akitoka joshoni anajikung'uta na kwenda malishoni. Paka alikaa kwenye kizingiti akajisafisha kama alivyozoea. Alasiri alianza kutokwa povu, miguu ikamkataa. Alikufa kabla watu hawajarudi kutoka shambani. Yule mama alimbeba ndani ya kanga mpaka ofisini kwa Bwana Mifugo, akamweka juu ya meza, akasema: "Nimeogesha mifugo yote."

Hapo watu walicheka. Walimcheka mama, wakamcheka paka, wakamcheka na afisa. Jina likazaliwa siku hiyo, likamfuata mpaka Musoma, kwa sababu huku kila mtu ana shemeji upande ule.

Nimelifikiria tangazo lile mpaka kichwa kikauma. Mifugo ni wanyama wanaofugwa. Paka anafugwa. Sasa yule mama alikosea wapi? Kwetu, mtu aliyekulia kwenye ng'ombe akisikia kuogesha hafikirii sabuni na taulo, anafikiria birika na dawa. Ndiyo maana hata leo mtu wa mjini akimshauri ndugu yake kijijini kwa simu, "huyo paka muogeshe," anaweza kuwa ameamuru kifo bila kujua. Kiswahili tunachokiongea hapa kila mtu amekileta kutoka kwao, na maneno mengine yamekuja na harufu ya kwao. Nilijaribu kumweleza haya rafiki yangu mmoja. Akaniambia, "Wewe unahitaji kazi."

Labda. Lakini waliomcheka walikuwa na kazi zao, na walinitia kinyaa.

Nilimwona akichekwa kanisani. Baada ya misa, wakati wa matangazo, alisimama na mabuti yake akatembea mpaka mbele, akachukua kipaza sauti kutoka kwa katekista, akasema kuna watu mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, wanawamwagia paka mafuta ya taa eti kuondoa shombo ya dagaa. Akasema paka wa mwaloni atanuka dagaa, ndiyo kazi yake, kama vile mvuvi. Akasema anayekerwa na shombo amfute kwa kitambaa chenye maji, amkaushe, basi. Akasema mafuta ya taa yanababua ngozi na yanachoma utumbo. Alikuwa anaeleza jambo la uhai na kifo kwa lugha ambayo mtoto angeielewa. Watu wazima waliovaa vizuri waliziba midomo kwa vitabu vya nyimbo, mabega yakitikisika. Mmoja nyuma yangu akasema, "Muua Paka ameokoka." Katekista akarudisha kipaza sauti kwake kwa tabasamu, akatangaza zamu ya usafi.

Nilikaa kwenye benchi nikitunga jibu la kumpa yule wa nyuma. Nilipopata jibu zuri kanisa lilikuwa tupu.

Sitaki mtu afikiri namchora malaika. Alikuwa mgumu. Aliwahi kumliza binti wa jirani aliyekuwa amemweka paka kwenye beseni la maji ya povu ili ampige picha. Alimnyang'anya paka, akamwambia binti akae yeye mle apigwe picha. Aliwaita watu mbumbumbu kwa urahisi ambao wengine wanaitana ndugu. Na alikana kabisa kwamba anapenda paka. "Mimi ni mtu wa ng'ombe," alisema, "paka ni mnyama mwenye dharau." Wakati huo paka wa mtaa walikuwa wamelala kwenye kivuli cha baraza lake, manyoya yanang'aa, na kitana kinachungulia kwenye mfuko wa shati lake pale ambapo maafisa wengine wanaweka kalamu.

Viroboto aliwapiga vita bila tone la dawa. Alichovya kitana, si paka, kwenye bakuli la maji ya sabuni. Alichana, akachovya, viroboto wakazama, akachana tena. Kisha alikwenda kwa mwenye paka akamwamuru atoe magunia na matandiko yote anapolalia paka ayaanike juani, afue yanayofulika, afagie uvunguni. Watu walichukia hilo kuliko kitu kingine, kwa sababu lilimaanisha nyumba yao ndiyo chafu. Walitaka dawa ya chupa, wamwage, waendelee na mambo yao. Alipowaambia hapana, wakasema anaona aibu na dawa kwa sababu ya yule wa Butiama.

Kwa hiyo akikataza alikuwa na aibu, na angekubali angekuwa muuaji. Naomba mtu anieleze angefanya nini.

Miguu ilipoanza kumsumbua, binti yake alikuja akamchukua kwenda kukaa naye Butiama. Wiki hiyo hiyo mtu aliandika kwenye kundi la simu la mtaa wetu: "Muua Paka amerudi kwenye eneo la tukio. Butiama fungeni paka zenu." Vikafuata vikaragosi vya kucheka, vingi, na kimoja kilikuwa cha mtu ambaye paka wake alichanwa na mzee yule kwa msimu mzima. Niliandika jibu refu. Nikalifuta. Nikaandika fupi, likaonekana la kitoto, nikalifuta. Nikaona nitashindwa kumtetea kwa hasira tupu, nahitaji hoja. Na hoja nilikuwa nayo: tangazo kama lile haliandikwi na afisa wa kijijini. Linaandikwa ofisini juu, yeye anapewa karatasi asome. Maneno hayakuwa yake. Nilichohitaji ni yeye kukubali, nami ningewamaliza wote.

Nikaenda Butiama. Nilimkuta amekaa nje kwa binti yake, amevaa mabuti, fimbo kando. Aliniuliza kama nimepata kazi. Nikasema bado.

"Hata mimi sina," akasema. "Nisindikize joshoni. Leo wanaogesha."

Tulitembea polepole. Njiani niliona ndio wakati, nikaanza kwa kuzunguka, kama kawaida yangu, mpaka akanikatiza.

"Digrii, uliza."

"Baba, lile tangazo la zamani. La mifugo yote. Uliandikiwa ofisini, si ndiyo?"

"Niliandikiwa."

"Basi si kosa lako! Baba, kwa nini hukuwahi kusema? Nitawaandikia leo leo, mimi..."

"Niliandikiwa 'ng'ombe, mbuzi na kondoo'," akasema. "'Mifugo yote' niliongeza mimi. Na 'asibaki hata mmoja'. Ile karatasi ilikuwa imepooza. Nilitaka watu waamke."

Hasira niliyoibeba kutoka Musoma ikakosa mtu wa kumwangukia. Nilitaka kumwambia kwamba hata hivyo hakukusudia, kwamba ndama wa kijiji kizima walipona, kwamba wanaocheka hawajawahi kuokoa hata kuku. Yote ni kweli. Lakini alikuwa anatembea mbele yangu na fimbo, na sikumwona akisubiri kufarijiwa.

Joshoni kulikuwa na vumbi na vurugu. Ng'ombe walikuwa wamepanga foleni kuelekea birika, wachungaji wanapiga miluzi, na harufu ya dawa inakaba koo. Afisa kijana, mwenye fulana safi, alikuwa amesimama juu ya ukuta na kipaza sauti.

"Jamani, mifugo yote ipite! Yote! Usibaki mfugo hata mmoja!"

Nikamtazama Bwana Mifugo. Yeye alikuwa anatazama foleni. Nyuma ya mbuzi kulikuwa na dada mmoja, mtoto mgongoni, mkononi ameshika kiroba kilichofungwa mdomo. Kiroba kilikuwa kinajipinda.

"Una nini humo?" mzee akamuuliza.

"Paka, baba. Ana viroboto mpaka mtoto anaumwa."

"Mrudishe."

"Si wamesema yote?" Dada akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Kila mtu kasikia hivyo."

"Mrudishe, nasema!"

Watu wakageuka. Mchungaji mmoja akacheka. "Mzee, acha dada wa watu, foleni imekwama. Ulimaliza kazi zamani wewe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi tayari, kuhusu ulimi wa paka na dawa ya kupe, sentensi nzuri tu, na nadhani hakuna ambaye angeisikiliza. Bwana Mifugo alikuwa ameshapita. Alikwenda mpaka chini ya ukuta, akaunyoosha mkono juu kwa afisa kijana, na kijana, labda kwa heshima ya umri, labda kwa mshangao, akampa kipaza sauti.

"Hamnijui," akasema, na ile sauti ikapita juu ya ng'ombe wote. "Wenye umri wangu wananijua. Mimi ndio Muua Paka. Nilizunguka kijiji hiki hiki nikasema mifugo yote, na paka wa mwenzenu akafa kwa dawa hii kabla ya jioni. Alijilamba. Halikuwa kosa la mwenye paka. Nilisema mimi, kwa mdomo huu. Sasa huyu dada ana paka kwenye kiroba."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mtu mzima upande wa mbuzi alitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayekumbuka. Aliyekuwa nyuma ya dada akasogea kando kumpa nafasi ya kugeuka.

Mzee akamrudishia kijana kipaza sauti, lakini hakuondoka pale chini.

"Sema upya," akamwambia.

Kijana akakishika mdomoni, akitafuta maneno. "Ng'ombe," akasema. "Mbuzi. Na kondoo."

"Tena."

"Ng'ombe, mbuzi na kondoo tu!"

"Na mbwa je?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wa mbwa njoo tuongee pembeni," mzee akajibu bila kugeuka.

Dada alikuwa amefungua kiroba. Paka alichomoka, akapita katikati ya miguu ya ndama akapotelea kwenye muhogo kuelekea walikotoka, na dada akamfuata akimwita. Bwana Mifugo hakumtazama. Alikuwa ameegemea fimbo yake, uso juu, macho kwa yule kijana, akisubiri aseme mara nyingine.